Njia Pana, Kutu Ndani: Historia ya Imani Kwamba Mtu wa Mazoezi Haugui Moyo

"Presha na moyo ni magonjwa ya wenye vitambi." Kauli hii utaisikia sana Kigoma. Utaisikia mwaloni Kibirizi na Katonga kwa wavuvi wanaovuta nyavu za dagaa usiku kucha, kwa wabeba mizigo wa bandarini, na kwa vijana wanaokimbia barabara ya Ujiji kila alfajiri. Mantiki yake inaeleweka: anayetoa jasho kila siku, mafuta yatapata wapi nafasi ya kuganda kwenye mishipa yake?

Usiwacheke wanaosema hivyo. Wapo madaktari waliowahi kuandika karibu maneno hayohayo kwenye majarida ya kitabibu, na ushahidi muhimu uliowasahihisha ulitoka kwenye miili ya watu wa nchi hii hii, enzi ikiitwa bado Tanganyika. Katika makala hii tunafuata safari ya wazo hilo, kuanzia kwa wapagazi hadi kwenye picha za moyo za wakimbiaji wa marathoni, tukitafuta jibu la swali moja: mazoezi mazito yanafanya nini hasa ndani ya mshipa wa damu?

Watu wa barabara ndefu

Kabla ya reli, Ujiji ilikuwa mwisho wa mojawapo ya njia ngumu kabisa za miguu Afrika Mashariki. Kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi ziwani ni zaidi ya kilomita 1,000. Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya 1857 wakafika Ujiji Februari 1858. Wazungu hao ndio wanaotajwa vitabuni, lakini waliobeba safari kichwani na mabegani walikuwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida ulikuwa kama frasila 2, yaani kilo 32 hivi: pembe za ndovu kwenda pwani, vitambaa na shanga kurudi bara. Wapagazi wengi walikuwa wa kulipwa. Wengine kwenye misafara hiyo walikuwa watumwa ambao hawakuchagua safari yoyote.

Kwa kipimo cha leo, hao walikuwa wanariadha wa masafa marefu. Je, mishipa yao ilikuwa safi? Hakuna aliyeichunguza. Tena wengi wao waliuawa na ndui, kuhara, homa na njaa kabla hawajazeeka. Jambo hili tulikumbuke, kwa sababu ugonjwa wa kuziba kwa ateri huchukua miongo mingi kujitokeza. Mtu akifa na miaka 30 hatuwezi kusema kazi ngumu ilimkinga na ugonjwa wa miaka 60.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na enzi ya misafara ikaisha. Mwaka mmoja tu nyuma, mbali sana na hapa, jijini St Petersburg nchini Urusi, Nikolai Anitschkow na mwenzake Chalatow walikuwa wamewalisha sungura kolesteroli iliyotolewa kwenye viini vya mayai. Ateri za sungura wale zikajaa utando wa mafuta. Hapo ndipo kolesteroli, au lehemu kama wengi tunavyoiita, ilipoanza kutajwa kama mshukiwa.

Mshukiwa ambaye hatuwezi kuishi bila yeye

Lehemu si sumu. Kila seli yako inaihitaji kujenga ukuta wake, na ini lako linaitengeneza kila siku hata usipokula nyama. Shida ni kwamba haichanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo mwili huipakia kwenye vifurushi vidogo ili isafiri. Kifurushi kinachohusika na habari yetu kinaitwa LDL. Vikizidi kwenye damu, baadhi hupenya ukuta wa ateri na kunasa humo.

Mwaka 1959, A. G. Shaper na K. W. Jones, wakifanya kazi Kampala, walilinganisha damu ya Waafrika na ya Waasia wanaoishi Uganda. Lehemu ya Waafrika ilikuwa chini, na ugonjwa wa ateri za moyo kwao ulikuwa nadra sana. Kwa Waasia lehemu ilikuwa juu, na ugonjwa ulikuwepo. Mji ni mmoja, hali ya hewa ni moja, damu tofauti, mioyo tofauti.

Lakini palikuwa na watu ambao walionekana kuvuruga hesabu hii.

Maziwa, nyama na mioyo 50

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Mmarekani George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt alikuja Tanganyika na wenzake kuwachunguza Wamaasai. Sababu iko wazi: chakula cha wanaume wale kilikuwa maziwa na nyama, mafuta ya wanyama kuliko hata Wamarekani. Kwa nadharia ya wakati ule walipaswa kuwa na lehemu ya juu na mioyo mibovu. Mwaka 1964 timu ilichapisha matokeo ya wanaume 400: lehemu kwenye damu ilikuwa chini, na dalili za ugonjwa wa ateri za moyo hazikuonekana. Mwaka uliofuata wakatoa maelezo kuhusu uwezo wa mwili wa Wamaasai, watu wanaotembea mwendo mrefu na mifugo kila siku. Walikuwa fiti kwelikweli.

Hapo habari ingeweza kuishia na kauli tamu: "Kula utakavyo, tembea sana, moyo utakuwa salama." Na kweli, wengi waliishia hapo.

Mann hakuishia hapo. Kwa miaka kadhaa alikusanya mioyo na mishipa mikuu ya wanaume 50 wa Kimaasai waliofariki, na mwaka 1972 akachapisha alichokiona. Mishipa haikuwa safi. Mshipa mkuu ulikuwa na utando wa mafuta na makovu kwa kiasi kikubwa. Ateri za moyo zilikuwa na unene wa ukuta unaolingana na ule wa wazee wa Kimarekani. Ila mambo mawili yalikuwa tofauti. Kwanza, utando uliopasuka au kuoza, ule unaoleta mshtuko wa moyo, ulikuwa mchache sana. Pili, ateri zenyewe zilikuwa zimepanuka kadiri umri ulivyosogea, kiasi kwamba damu ilipita bila shida hata kama ukuta ulikuwa mnene.

Kwa maneno ya mtaani: barabara ilikuwa imejaa vifusi pembeni, lakini ilikuwa pana sana, kwa hiyo magari yalipita. Mann alihisi kwamba upana ule uliletwa na mazoezi.

Hakuwa wa kwanza kuona kitu cha namna hii. Mwaka 1961 madaktari wa Boston walikuwa wamechapisha uchunguzi wa mwili wa Clarence DeMar, mkimbiaji aliyeshinda marathoni ya Boston mara 7 na kufariki kwa saratani mwaka 1958 akiwa na miaka 70. Ateri zake za moyo zilikuwa na upana mara 2 hadi 3 ya kawaida. Na ndani yake utando wa mafuta ulikuwepo. Mchungaji wa mifugo wa Tanganyika na mkimbiaji wa Boston, maisha mbalimbali kabisa, hadithi moja: njia pana, uchafu upo.

Nusu ya habari ilivyogeuka imani

Miaka ya 1970 mbio zikawa fasheni Marekani. Mpatholojia mmoja wa California, Thomas Bassler, akatangaza kwamba anayeweza kumaliza marathoni na havuti sigara ana kinga dhidi ya ugonjwa huu wa ateri. Alitumia hasa neno kinga, na makala yake ya mwaka 1977 ililibeba kwenye kichwa cha habari.

Jibu lilitoka Afrika. Mwaka 1979 timu ya Afrika Kusini, akiwemo Tim Noakes, ilichapisha taarifa za wakimbiaji wa marathoni waliofariki na kuchunguzwa: ateri zao za moyo zilikuwa na ugonjwa, bila ubishi. Halafu mwaka 1984 Jim Fixx, mwandishi wa kitabu maarufu kabisa cha mbio cha enzi hizo, akaanguka akiwa anakimbia na kufariki. Alikuwa na miaka 52. Uchunguzi ulionyesha ateri zilizoziba vibaya. Watu wa vijiweni wakacheka: "Si mnaona? Mbio zimemuua!" Nao walikosea kwa upande wa pili. Fixx alikuwa mvutaji mkubwa wa sigara na mnene kabla ya kuanza kukimbia akiwa na miaka 35, na baba yake alikufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Mbio hazikumletea ugonjwa ule. Hazikuufuta pia.

Mwaka 1987 Seymour Glagov wa Chicago na wenzake wakaonyesha kwamba ateri za moyo za binadamu hupanuka zenyewe utando unapoanza kujaa, hadi utando ufikie kama asilimia 40 ya nafasi. Baada ya hapo ndipo njia huanza kubana. Ndiyo maana ugonjwa huu hauna dalili kwa miaka mingi. Na ndiyo maana kusema "sijisikii vibaya" hakuthibitishi kitu.

Kutu yenyewe ni nini?

Sasa tuingie ndani ya ukuta wa ateri. Kwa nini LDL iliyonasa humo iwe hatari, wakati ikiwa kwenye damu inafanya kazi yake kwa utulivu?

Fikiria panga lililoachwa nje likashika kutu, au mafuta ya kupikia yaliyokaa wazi hadi yakatoa harufu. Vyote vimeungana na oksijeni vikabadilika. Wanakemia huita tukio hilo oksidisho. Lehemu nayo hufanya vivyo hivyo.

Mwaka 1976 timu ya Albany, New York, ilifanya jaribio rahisi na zuri. Walichukua lehemu ya maabara iliyokaa kwenye hewa, wakatenganisha sehemu iliyooksidika na lehemu safi, kisha wakawapa sungura. Ile iliyooksidika iliua seli za ukuta wa ateri ndani ya muda mfupi. Ile safi haikufanya hivyo kwa kiwango kile. Ghafla hata majaribio ya zamani ya sungura yakaleta swali: je, sungura wale waliumizwa na lehemu tu, au na kutu yake pia? Cha kuvutia, mmoja wa watafiti wa Albany, C. Bruce Taylor, alikuwa pia kwenye timu nyingine iliyowachunguza Wamaasai na kuchapisha mwaka 1971 kwamba miili yao hupunguza kutengeneza lehemu pale wanapoila kwa wingi.

Kisha mwaka 1979 Joseph Goldstein na Michael Brown wa Dallas wakakuta kitu cha ajabu. Seli za ulinzi ziitwazo makrofaji, zile zinazokuwa zimejaa mafuta ndani ya utando, hazipendi kula LDL ya kawaida. Ukiibadilisha kikemia, zinaibugia bila breki. Kundi la Daniel Steinberg kule San Diego likaonyesha kwamba badiliko linaloweza kutokea mwilini kwa kawaida ni oksidisho, na mwaka 1989 wakaweka hoja yote pamoja: LDL hunasa ukutani, huoksidika, seli za ulinzi huiona kama adui, huila hadi zinajaa kama povu, hufa, na mabaki yao ndiyo utando.

Fumbo la mwanariadha

Hapa msomaji makini ataruka juu. Mkimbiaji si anavuta oksijeni nyingi? Ndiyo. Kwenye mbio kali mwili unaweza kutumia oksijeni zaidi ya mara 10 ya ule uliopumzika, na tangu 1982 imepimwa kwamba mazoezi ya kuchosha huongeza chembe haribifu zinazoanzisha oksidisho. Kwa hesabu hiyo wanariadha wangekuwa wa kwanza kufa kwa moyo!

Maelezo ni kwamba mwili hujifunza. Dozi ndogondogo za misukosuko, zikifuatwa na mapumziko, huufanya uongeze vimeng'enya vyake vya ulinzi. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake, Ujerumani, waliwafanyisha vijana mazoezi kwa wiki 4, nusu yao wakipewa vitamini C na E kwa wingi. Wasiopewa vidonge waliboresha namna miili yao inavyotumia insulini. Waliopewa walikosa faida hiyo. Vidonge vilikuwa vimezima king'ora ambacho mwili ulihitaji kukisikia.

Na kwa wagonjwa? Kama oksidisho ni tatizo, vitamini E ingepaswa kuwa dawa. Ilijaribiwa. Jaribio la HOPE la mwaka 2000 lilikuwa na watu zaidi ya 9,500, na jingine la Uingereza mwaka 2002 lilikuwa na zaidi ya 20,000. Vitamini haikuzuia mshtuko wa moyo. Hilo halikufuta kemia ya kutu. Lilionyesha kwamba kumeza kidonge ni tofauti na kufikisha ulinzi ndani ya ukuta wa ateri kwa miaka 40. Kilichofanya kazi, jaribio baada ya jaribio, ni kupunguza LDL yenyewe. Chuma kikiwa kidogo, kutu nayo ni ndogo.

Picha za moyo za leo

Siku hizi hatungoji maiti. Mashine za CT huonyesha kalsiamu iliyoganda kwenye ateri za moyo wa mtu aliye hai. Mwaka 2008 watafiti wa Ujerumani walipima wakimbiaji 108 wa marathoni wenye miaka 50 na kuendelea. Kalsiamu yao ilikuwa nyingi kuliko ya watu wenye vihatarishi vinavyolingana na vyao. Mwaka 2017 tafiti za Uholanzi na Uingereza zikaona wanariadha wa muda mrefu wana utando zaidi, ila mwingi wao ukiwa mgumu, aina inayodhaniwa kuwa tulivu. Mwaka 2023 Wabelgiji wakaongeza tahadhari: kwa wanariadha wao wa maisha yote, utando ulikuwa mwingi kuliko kwa watu wa kawaida wenye maisha ya afya, na hata ule laini ulikuwepo.

Linganisha na Watsimane, wakulima na wawindaji wa msituni Bolivia. Mwaka huohuo wa 2017 watu 705 walipimwa, na asilimia 85 hawakuwa na kalsiamu yoyote. Wao hufanya kazi za mwili saa nyingi kila siku, lakini LDL yao pia ni ya chini maisha yote. Wana vyote viwili. Mwanariadha wa mjini anaweza kuwa na kimoja tu.

Usije ukasoma haya ukatundika raba ukutani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2014 uliofuatilia watu zaidi ya 55,000 ulikuta wanaokimbia wana hatari ya kufa kwa magonjwa ya moyo na mishipa iliyo chini kwa asilimia 45 kuliko wasiokimbia. Mazoezi yanapanua njia, yanashusha presha, yanaimarisha moyo. Ila hayakombi utando uliokwisha kujengeka.

Sasa turudi Kigoma

Mawese kwanza, maana ndiyo mafuta yetu. Watu huuliza kama yana lehemu. Hayana, ni mafuta ya mmea. Tena mawese mekundu yana karotini na vitamini E kwa wingi. Lakini karibu nusu yake ni mafuta mazito ya aina inayopandisha LDL, na ukiyaunguza hadi wekundu upotee, karotini nayo imeondoka. Yatumie kwa kiasi, na usiyarudie kukaangia mara nyingi. Hilo ni kwa mafuta yoyote, hata yale ya alizeti.

Dagaa ni chakula kizuri sana: protini, kalsiamu, mafuta mazuri ya samaki. Mafuta hayohayo, pamoja na lehemu ya samaki, huoksidika yakikaa juani na hewani. Dagaa aliyegeuka rangi ya njano au kahawia na kuwasha kooni ameshaoksidika. Anayekauka haraka kwenye kichanja na kuhifadhiwa pakavu, kivulini, ni bora kuliko aliyelala mchangani siku nyingi. Msile hofu, mle dagaa wazuri.

La mwisho ndilo kubwa. Kaka yangu mvuvi, dada yangu unayebeba ndoo za mawese kutoka Mwandiga, kijana wa mbio za alfajiri: nguvu zako ni za kweli na zinakusaidia. Hata hivyo haziwezi kukuambia presha yako ni ngapi, sukari yako iko wapi, wala LDL yako imesimama wapi. Kipimo cha presha ni dakika chache kwenye kituo cha afya. Ukifika miaka 40, au kama kuna mtu kwenye ukoo aliyeanguka ghafla akiwa bado kijana, nenda hata kama unajisikia simba. Na ukipata maumivu ya kifua yanayokuja ukijitahidi na kuondoka ukipumzika, usiseme ni uchovu wa nyavu. Wale wanaume 50 wa Kimaasai nao, kwa kuwatazama kwa nje, walionekana hawana tatizo lolote kwenye mishipa.